Nukta Ilipo na Nukta Inapoonekana

Swali ambalo wasomaji wa habari za sayansi hulirudia kila zinapochapishwa picha mpya za ndani ya seli ni hili: ikiwa vitabu vya fizikia hufundisha kwamba mwanga hauwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi lake, picha hizi zinazoonyesha vitu vilivyokaribiana mara kumi zaidi ya hapo zimepatikanaje, na je, kila nukta iliyomo iko kweli mahali ilipochorwa? Sehemu ya kwanza ya swali ina jibu fupi. Sehemu ya pili ndiyo inayobeba sura hii, kwa kuwa jibu lake la haki ni kwamba nukta nyingi haziko mahali hasa zilipochorwa, na kwamba kazi kubwa ya watu wa fani hii kwa takriban miaka ishirini imekuwa kujua kila nukta imekosea kwa kiasi gani, kuelekea upande gani, na kwa sababu gani.

Mpaka wa Abbe na njia ya kuuzunguka

Mwanafizikia Ernst Abbe, aliyefanya kazi katika mji wa Jena nchini Ujerumani, alionyesha mwaka 1873 kwamba hadubini ya mwanga, hata ikiwa na lenzi zisizo na dosari, ina mpaka isioweza kuuvuka. Kwa mwanga wa kijani mpaka huo uko karibu na nanomita 200, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 50,000 hadi 100,000. Mpaka unatokana na tabia ya mwanga wenyewe, ambao ukipita kwenye lenzi husambaa, ukafika kwenye kamera ukiwa doa lenye upana wa nanomita 200 na zaidi hata kama kilichoutoa ni molekuli moja yenye upana wa nanomita moja tu. Molekuli mia zikisongamana ndani ya nafasi ya doa moja, madoa yao hulaliana, na mtazamaji hubaki na ukungu. Kanuni hiyo ya Abbe imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu yake huko Jena, na jiwe hilo halijahitaji kusahihishwa, kwa sababu kanuni haijavunjwa hadi leo, imezungukwa tu.

Mzunguko huo ulitangazwa mwaka 2006 na makundi matatu kwa wakati unaokaribiana: Eric Betzig na Harald Hess, waliounganisha chombo chao cha kwanza katika sebule ya nyumba ya Hess huko La Jolla, California, Xiaowei Zhuang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, na Samuel Hess na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maine. Wote walitumia molekuli ng'avu, yaani molekuli ambazo zikimulikwa kwa leza ya rangi moja hutoa mwanga wa rangi nyingine, na wote walitegemea jambo ambalo W. E. Moerner alikuwa amelionyesha mwaka 1997, kwamba baadhi ya molekuli hizo zinaweza kuzimika na kuwashwa upya. Badala ya kuziwasha zote kwa pamoja, huwashwa chache zilizo mbalimbali, kamera ikapiga picha, zikazimika, zikawashwa nyingine, na shughuli hiyo ikarudiwa maelfu ya mara. Katika kila picha madoa hayagusani, kwa hiyo kompyuta inaweza kutafuta kitovu cha kila doa na kuweka nukta moja hapo. Nukta zote zikikusanywa kwenye ukurasa mmoja huwa picha kali ya kitu kizima. Betzig na Moerner walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014 pamoja na Stefan Hell, ambaye alifika kwenye lengo hilohilo kwa njia tofauti.

Picha ya namna hii, basi, ni orodha ya makadirio iliyochorwa. Hakuna lenzi iliyoiona. Kila nukta ni jibu la hesabu, na jibu la hesabu linaweza kukosea.

Hesabu ya doa moja

Mwanga hufika kwenye kamera kwa chembe, zinazoitwa fotoni, na kila fotoni huangukia mahali pake ndani ya doa bila kuzingatia nyingine zilikoangukia. Fotoni moja peke yake haisemi mengi, lakini wastani wa mahali pa fotoni nyingi husogea karibu na kitovu. Kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni: ikiwa nusu-upana wa doa ni nanomita 125, fotoni 100 hutoa kosa la nanomita 12.5, na fotoni 10,000 hutoa kosa la nanomita 1.25. Anayetaka kupunguza kosa kwa nusu anahitaji fotoni mara nne, na molekuli ng'avu nyingi huharibika zisiwake tena kabla ya kuzitoa.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu huanza pale fotoni zisizohusika zinapoingia kwenye hesabu. Ichukuliwe safu moja ya pikseli tano za kamera, kila pikseli ikiwakilisha nanomita 100 za seli, ambazo zimepokea fotoni 0, 4, 18, 22 na 6 kutoka kwenye molekuli moja. Mtu akitafuta wastani wa kawaida, atakuta kitovu kiko nanomita 60 kulia kwa katikati ya pikseli ya tatu. Sasa ndani ya seli hakuna giza kamili, kwani mwanga hafifu hutoka kwenye molekuli zilizo nje ya fokasi, kwenye kioo, hata kwenye maji yenyewe. Mwanga huo ukiongeza fotoni 10 kwa kila pikseli, safu husomeka 10, 14, 28, 32 na 16, na wastani uleule wa kawaida huweka kitovu nanomita 30 tu kulia. Molekuli haijasogea hata kidogo, lakini nukta yake imevutwa nanomita 30 kuelekea katikati ya dirisha la hesabu, umbali unaozidi upana wa vitu vingi ambavyo chombo hicho kilinunuliwa ili vionekane.

Ndiyo sababu programu za kazi hii haziridhiki na wastani wa kawaida. Huchukua umbo linalojulikana la doa, huongeza kiwango fulani cha mwanga wa nyuma, kisha hutafuta mahali ambapo, kama molekuli ingekuwa hapo, namba zilizosomwa zingekuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea. Katika kamera nyingi za sasa kila pikseli ina tabia zake, moja ikiongeza kidogo na nyingine ikipunguza, kwa hiyo mafundi hupiga kwanza picha nyingi za giza tupu ili kuzijua tabia hizo kabla ya kuzihesabu fotoni.

Mizani inayopunja

Mfano wa fotoni za ziada unafichua kwamba makosa ni ya aina mbili, na anayezichanganya hawezi kuyapunguza. Mizani ya dukani ambayo mshale wake hutetemeka hutoa jibu tofauti kidogo kila mara, na mnunuzi akipima mara ishirini na kutafuta wastani, ataukaribia ukweli. Mizani ambayo mshale wake umeanzia gramu 50 badala ya sifuri hupunja kwa kiasi kilekile kila siku, na kupima mara elfu hakumsaidii mnunuzi kwa lolote, ila humwongezea imani katika jibu baya. Sura hii inaita sifa ya kwanza uthabiti, yaani majibu kukaribiana yenyewe kwa yenyewe, na ya pili usahihi, yaani majibu kuukaribia ukweli.

Fotoni nyingi hununua uthabiti. Usahihi haununuliwi kwa fotoni, na kadiri vyombo vinavyozidi kuwa na uthabiti, kama vile kile cha kundi la Stefan Hell kilichotangazwa mwishoni mwa mwaka 2016 na kinachokadiria mahali pa molekuli kwa nanomita moja hadi tatu, ndivyo upunjaji uliokuwa umefichwa na mtetemo unavyojitokeza.

Kwa ufupi, nukta hukosea kwa sababu hizi kuu:
– fotoni ni chache, au zimechanganyika na mwanga wa nyuma;
– meza, kioo au lenzi vimesogea wakati wa kupiga picha;
– molekuli imeinama, na doa lake halina ulinganifu;
– molekuli ng'avu haikushikamana na protini yenyewe, imesimama kando yake;
– molekuli mbili zimewaka pamoja na kuhesabiwa kuwa moja, au moja imewaka mara nyingi na kuhesabiwa kuwa nyingi.

Meza inayotembea

Kukusanya picha elfu kadhaa huchukua dakika nyingi, na ndani ya dakika hizo hakuna kitu kinachotulia. Kipande cha chuma cha sentimita 10 hurefuka kwa takriban nanomita 1,200 joto likipanda kwa nyuzi moja tu, kwa hiyo kiyoyozi kinachowaka na kuzimika chumbani kinatosha kuisogeza seli mara kadhaa ya upana wa kitu kinachotafutwa. Dawa ya kawaida ni kubandika chembe za dhahabu kwenye kioo pamoja na seli. Kila chembe hung'aa bila kuzimika na kutoa fotoni nyingi mno, hivyo mahali pake hujulikana kwa nanomita moja au chini ya hapo katika kila picha. Mwendo wa chembe ndio mwendo wa kioo, na hutolewa kwenye nukta zote. Chembe moja haitoshi, kwa kuwa inaweza kubanduka na kuanza safari yake yenyewe. Pasipo na chembe kabisa, programu hugawa picha kwa vipindi vya muda na kutazama umbo zima limesogea kiasi gani kati ya kipindi na kipindi. Kosa hili ni kubwa kuliko mengine yote kwa nanomita, na pengine ndilo rahisi kuliko yote kuliondoa.

Molekuli iliyoinama

Kosa linalofuata ni dogo zaidi lakini lina hila. Molekuli ng'avu haimwagi mwanga sawa kila upande kama kibatari. Hufanya kama antena fupi, ambayo hurusha kwa nguvu kwenye mbavu zake na karibu haitoi kitu kwenye ncha zake. Antena hiyo ikiwa imesimama wima chini ya lenzi, au imelala kabisa, doa lake lina ulinganifu na kitovu chake ndicho mahali pake. Ikiinama, kwa mfano kwa nyuzi 45, upande mmoja wa lenzi hupokea mwanga zaidi ya mwingine. Molekuli ikiwa ndani ya fokasi barabara, madhara ni madogo. Ikiwa juu au chini ya fokasi kwa nanomita mia chache, doa huegemea upande, na kitovu chake husogea kwa makumi ya nanomita. Iliyo juu ya fokasi husogezewa upande mmoja na iliyo chini upande wa pili, kwa hiyo kundi la molekuli zilizoinama kwa namna moja na kupangwa wima kama ngazi linaweza kuchorwa kama ngazi iliyoegemezwa ukutani.

Hapa fotoni hazina msaada wowote. Molekuli iliyoinama ikitoa fotoni 100 nukta yake hutapakaa karibu na mahali pasipo pake. Ikitoa 10,000 nukta hukaa palepale pasipo pake kwa uthabiti wa kupendeza.

Linalookoa kazi nyingi za kila siku ni kwamba molekuli iliyofungwa kwa mnyororo legevu huzungukazunguka mara nyingi mno katika muda wa picha moja, na wastani wa miinamo yote huwa doa lenye ulinganifu. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni kuchagua kifungo kisichoibana molekuli. Ya pili, pale ambapo kubana hakuepukiki, ni kuusoma mwinamo wenyewe kutokana na umbo la doa na kuuingiza kwenye hesabu, kazi inayohitaji fotoni nyingi kwa kuwa namba za kutafutwa zimeongezeka. Ya tatu ni kuuchuja mwanga. Mawimbi ya mwanga hutikisika kwa upande maalumu, kama kamba inayoweza kutikiswa juu na chini au kushoto na kulia, na sehemu inayotikisika kwa kuufuata mzunguko wa lenzi hutoa doa lisiloegemea hata molekuli ikiinama. Mwaka 2016 kundi la Moerner wa Stanford, likishirikiana na watafiti wa Caltech, lilionyesha kinyago chembamba kinachoitenga sehemu hiyo na kuondoa sehemu kubwa ya upunjaji. Gharama yake ni kupoteza mwanga, hasa wa molekuli zilizosimama wima, nao waliona ni afadhali kulipa uthabiti kidogo ili kupata usahihi.

Mvutano huohuo hujitokeza kwa ukali zaidi katika hadubini za baridi kali, ambako seli hugandishwa karibu na nyuzi 200 chini ya sifuri. Baridi huilinda molekuli isiharibike, ikatoa fotoni nyingi kuliko inavyoweza katika joto la kawaida, lakini baridi hiyohiyo huigandisha katika mwinamo wake, na mizani iliyoacha kutetemeka ikaanza kupunja.

Taa na mkono ulioishika

Hata nukta iliyokadiriwa bila kosa lolote huonyesha mahali pa molekuli ng'avu, ilhali anachotaka mwanabiolojia ni mahali pa protini. Kati ya hizo mbili kuna kitu kinachozishikanisha, na kitu hicho kina urefu. Kwa kawaida hutumika kingamwili, zile protini za damu zinazotambua vitu vigeni: ya kwanza hukamata protini inayotafutwa, na ya pili, iliyobeba molekuli ng'avu, huikamata ya kwanza. Kila moja ina urefu wa takriban nanomita 10, kwa hiyo taa huning'inia mbali na protini kama taa ya mtu aliyenyoosha mkono gizani: aliye mbali huiona taa na kudhani mtu yuko hapo.

Mfano mzuri ni mikrotubuli, mirija ya protini inayoipa seli umbo na kutumika kama reli za kusafirishia mizigo yake. Upana wake unajulikana kwa hadubini ya elektroni kuwa nanomita 25. Ikivikwa kingamwili tabaka mbili, hutokea kwenye picha ikiwa na upana wa takriban nanomita 60. Picha zilizopigwa vizuri huonyesha mrija huo kama mistari miwili sambamba yenye utupu katikati, na si ajabu kwa mtazamaji kudhani kwamba anaona kuta za mrija na tundu lake, wakati umbali kati ya mistari hiyo unazidi upana wa mrija mzima; kinachoonekana ni koti la kingamwili, na mwili umo ndani ya utupu ule.

Sehemu ya dawa ya tatizo hili ilitoka kwenye damu ya ngamia. Mwaka 1993 Raymond Hamers na wenzake wa Brussels walichapisha kwamba ngamia, tofauti na wanyama wengine waliozoeleka, wana kingamwili za aina ya ziada zilizo nyepesi kimuundo, ambazo kipande chao kimoja kidogo kinatosha kukamata kitu. Kipande hicho huitwa nanobodi. Uzito wake ni sehemu ya kumi hivi ya kingamwili ya kawaida, na urefu wake ni nanomita chache tu. Wengine huondoa mkono kabisa kwa kubadilisha jeni ili protini ya seli izaliwe ikiwa na kipachiko chake cha molekuli ng'avu. Mkono mfupi, hata hivyo, huelekea kuibana taa, na aliyesoma sehemu iliyotangulia atatambua kwamba molekuli iliyobanwa ni molekuli yenye mwinamo.

Madoa yanayolaliana

Molekuli mbili zikiwaka kwa pamoja ndani ya umbali wa doa moja, programu isiyo makini huweka nukta moja katikati yao, mahali ambapo hakuna kitu. Pale mirija miwili inapopishana, nukta hizo za uongo huziba pembe kana kwamba mirija imegandamana. Dawa ya uhakika ni uvumilivu: kuwasha molekuli chache zaidi kwa kila picha na kupiga picha nyingi zaidi. Programu zinazojifunza kwa mifano, kama DECODE ya mwaka 2021, hutenganisha madoa yaliyolaliana vizuri kuliko zilizotangulia, mradi mifano iliyozifunza ifanane na chombo halisi. Zikifunzwa umbo la doa lisilo lake, hupunja bila kutoa dalili. Kinyume chake ni molekuli moja inayowaka, ikazimika na kuwaka tena mara tano: kila mara hukadiriwa kando kidogo ya mara iliyopita, na nukta tano zilizokusanyika huonekana kama kikundi cha protini tano. Vikundi vya namna hiyo vimewahi kusomwa kama mpangilio wa kweli kwenye utando wa seli.

Kipimo cha kupimia kipimo

Kuna njia maarufu ya kupima ubora wa picha ambayo hugawa nukta zote katika mafungu mawili kwa kura, huchora picha mbili, kisha hutazama zinalingana hadi umbo dogo kiasi gani. Njia hiyo ni nzuri kwa uthabiti na ni kipofu kwa usahihi, kwa kuwa mafungu yote mawili yalipimwa kwa mizani moja, na kama mizani inapunja, yamepunjwa sawasawa.

Kinachohitajika ni kitu ambacho vipimo vyake vinajulikana kwa njia nyingine. Baadhi ya maabara hutumia rula zilizofumwa kwa nyuzi za DNA, zenye taa mahali palipopangwa kabla. Rula hizo zina faida nyingi, ila hukaa juu ya kioo safi, ambako hakuna mwanga wa nyuma wala kina cha seli. Mwaka 2019 watafiti wa maabara ya EMBL huko Heidelberg walitoa seli za binadamu ambamo protini iitwayo Nup96 imepachikwa mahali pa kushikia taa. Protini hiyo hukaa kwenye matundu ya kiini cha seli, yale malango ambayo vitu huingilia na kutokea, na kila tundu huwa na nakala 32 zilizopangwa kwenye pembe nane za duara lenye kipenyo cha takriban nanomita 107. Seli moja ina matundu hayo kwa mamia hadi maelfu, yote yamefinyangwa kwa kalibu moja.

Kwa hiyo fundi anayeshuku hadubini yake hupiga picha ya kiini na kuyasoma maduara. Pembe nane zikitokea pungufu, sita hapa na saba pale, taa hazikushika kwenye protini zote, na idadi ya pembe zinazokosekana humwezesha kukadiria ni asilimia ngapi zilishika. Maduara yote yakiwa yai lililolalia upande mmoja, anatafuta meza iliyosogea bila kusahihishwa. Yakiwa mviringo katikati ya picha na mayai pembezoni, dosari iko kwenye lenzi. Na yakiwa mviringo kamili kila mahali, pembe zake nane zikihesabika, lakini kipenyo kikasoma 125 badala ya 107, fundi huiacha hadubini ilivyo, akarudi kwenye chupa ya kingamwili.